Rimoti Iko kwa Nani?

Uliza watu wa rika langu hapa Kawangware 56 walikuwa wapi siku Moi alipotoka mamlakani. Wachache sana watakuambia, "Nilikuwa nyumbani." Utasikia, "Nilikuwa kwa kinyozi." "Sisi tulikuwa kwa mama mwenye ploti, tumekaa sakafuni." "Mimi nilisimama dirishani kwa fundi wa redio, tena kwa ncha za vidole." Swali linauliza mahali, lakini jibu linataja mtu: nani alikuwa na TV, na nani alikuruhusu uingie.

Hivyo ndivyo historia ya Kenya ilivyotufikia wengi wetu, kupitia mlango wa jirani. Ukivuka Ngong Road uende Kibera, uulize Makina au Laini Saba, hadithi ni ile ile. Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari iliyochajiwa gereji. Eriali ya waya na kifuniko cha sufuria juu ya mabati. Mtoto mmoja nje akiizungusha, na kelele kutoka ndani: "Hapo hapo! Usisonge!" Mtoto huyo aliisikia historia yote bila kuiona, kwa sababu akiachilia tu ule waya, rais anageuka chengachenga.

Watangazaji wametufundisha kusema mubashara. Mtaani tunasema laivu. Vyovyote utakavyoliita, jambo lenyewe lina nguvu ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Watu thelathini wa makabila matano wakikaa kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, wakaona kitu kimoja kwa dakika moja, hakuna atakayekuja kesho kuwaambia kwamba hawakukiona. Wamekuwa mashahidi. Na ukifuatilia historia ya nchi hii kwa makini, utaona kwamba kila mara inapochemka, kuna mkono unaoitafuta rimoti.

Enzi ya masikio

Kwa muda mrefu nchi hii iliisikia historia yake tu. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ikalichukua shirika zima na kuliita Sauti ya Kenya. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970, na picha za kutoka ng'ambo zikaanza kuwa na njia ya kufika hapa. Lakini seti ilikuwa mali ya wenye nacho. Huku kwetu kulikuwa na redio.

Jumapili ya 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, mojawapo ya sehemu za kwanza walizokimbilia ni studio za redio. Leonard Mambo Mbotela, ambaye nchi nzima ilimjua kwa kutangaza kandanda na kwa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wazee wetu walisikia hivyo asubuhi. Baadaye siku hiyo wakasikia kwamba serikali ipo na Moi yupo. Redio ni ile ile, siku ni ile ile, habari mbili zinazopingana, na hakuna picha ya kukata shauri. Mzee mmoja wa hapa 56 huniambia kwamba siku hiyo walijifungia ndani wakasubiri kusikia nani ataongea wa mwisho.

TV yenyewe, hata ulipoipata, ilikuwa na kituo kimoja, na taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais: amekwenda wapi, amefungua nini, amechangia harambee gani. KTN ilikuja 1990, kituo cha kwanza cha binafsi, na NTV ikafuata mwishoni mwa 1999. Tukijiona tulichelewa, tukumbuke kwamba majirani zetu wa Tanzania Bara hawakuwa na kituo chochote cha TV hadi 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi.

Matope ya Uhuru Park

Jumatatu, 30 Desemba 2002. Kibera na Uhuru Park si mbali kwa mtu aliyezoea kutembea, na watu walitembea. Barabara zilijaa tangu alfajiri. Sisi watoto wa Kawangware tuliachwa na TV, na tulikuwa wengi kiasi kwamba mwenye chumba aling'oa pazia ili walio nje nao waone.

Tuliona mambo mawili ambayo hatukuwa tumewahi kuyaona. La kwanza, rais mpya aliyeapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwai Kibaki alikuwa amepata ajali ya barabarani mwanzoni mwa mwezi ule, mguu ukiwa bado kwenye plasta. La pili lilikuwa zito zaidi. Daniel arap Moi, aliyetawala miaka 24, alizomewa na umati, na matope yakarushwa, huku kamera zikionyesha.

Kitu ninachokikumbuka zaidi hakikuwa kwenye kioo. Ni watu wazima waliokuwa chumbani. Kelele za kuzomea zilipopanda, baba mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jerikeni aligeuka akaangalia mlango. Kisha mwingine. Walikuwa wamekulia katika nchi ambayo kuta zilikuwa na masikio, na kumcheka rais kulikuwa na bei. Walihakikisha hakuna mtu mlangoni, ndipo wakacheka. Sikuelewa wakati ule. Siku hizi nadhani niliona hofu ya miaka mingi ikitoka ndani ya watu kwa muda wa kama dakika mbili, na kilichoitoa ni kujua kwamba nchi nzima inaona kitu hicho hicho wakati huo huo. Mmoja akikamatwa kwa kucheka, itabidi tukamatwe wote.

Jumapili ya giza

Miaka mitano baadaye, siku kwa siku, tulikuwa tena mbele ya kioo. Safari hii TV ilikuwa ya rangi. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Alhamisi, 27 Desemba 2007, na tangu hapo kamera hazikutoka ukumbi wa KICC. Tulimfahamu mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, kama mjomba. Tuliona mawakala wakigombana naye. Tuliona matokeo yakichelewa. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili na lugha tano, na sote tulikuwa chumba kimoja tukibishana, tukipiga hesabu kwenye karatasi za daftari, tukitaniana. Utani ulikuwa mkali lakini ulikuwa utani.

Jumapili jioni, 30 Desemba, askari wakajaa ukumbini. Wanahabari wakaondolewa. Kivuitu akapelekwa chumba kingine na kumtangaza Kibaki mshindi mbele ya kamera za KBC peke yake. Muda mfupi baadaye, jua likizama, Kibaki akaapishwa Ikulu. Hakukuwa na umati wala uwanja. Kisha ikaja amri kutoka wizara ya usalama wa ndani: matangazo ya mubashara yamepigwa marufuku.

Nakumbuka vile chumba kilivyomwagika. Hakuna aliyefukuzwa. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakachukua viatu vyao mlangoni, na kila mtu akaenda kwa watu wake. Kuanzia usiku ule hatukuwa na picha moja ya kubishania. Kulikuwa na SMS. Ujumbe bila jina, unasema kundi fulani linakuja kutoka upande fulani, pitisha kwa wenzako. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na usiku ule lilikuja kweli, kwa sababu watu waliojiandaa kwa uvumi wakawa wenyewe uvumi wa wengine.

Soko la Toi likachomwa. Kibera, vijana waling'oa reli. Hapa Kawangware milango ilianza kuandikwa na kuulizwa ni ya nani. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Sisemi TV ingewaokoa. Moto ule ulikuwa na kuni za miaka mingi: ardhi, kazi, kura zenyewe. Lakini watu waliokuwa wameona pamoja kwa siku tatu walinyimwa kuona pamoja katika saa ile walipohitaji zaidi, na pengo lile halikukaa wazi hata usiku mmoja.

Kuna vijana waliolielewa hilo haraka. Siku chache tu baadaye, Januari 2008, wanablogu na watengeneza programu wa Kenya walianzisha tovuti ambapo mtu wa kawaida angeweza kutuma ripoti ya alichokiona, ikawekwa kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Sasa inatumika nchi nyingi duniani, na watu wanaoitumia huko huenda hawajui kwamba jina hilo lilizaliwa kwa sababu mtu alizima TV Nairobi.

Alhamisi, 28 Februari, picha ilirudi. Kibaki na Raila Odinga mezani, nje ya Harambee House, wakitia saini mkataba, Kofi Annan akiwa kando yao. Tuliangalia kwenye duka la simu, wengi tukiwa wageni kwa wageni. Waliokuwa wakikaa nasi chumba kimoja Desemba, baadhi yao walikuwa wamehama na hawajarudi mpaka leo.

Mtu aliyekubali ameshindwa

Novemba mwaka huo huo, Kibera ilikesha kwa sababu ya uchaguzi wa watu wengine. Barack Obama alikuwa ametembelea Kibera mwaka 2006 akiwa seneta, kwa hivyo watu walimhesabu kama mtu wa nyumbani hata kabla hujamtaja baba yake. Matokeo yalitangazwa kwetu ikiwa saa moja asubuhi, Jumatano ya 5 Novemba, chai ikiwa jikoni. Kesho yake serikali ikatangaza sikukuu.

Watu wanakumbuka shangwe. Mimi nakumbuka dakika ishirini zilizofuata, John McCain alipotokea kwenye kioo, akampongeza mwenzake na kuwatuliza wafuasi wake waliokuwa wakizomea. Chumba kilinyamaza. Halafu jamaa mmoja akasema, kama anayejiongelesha, "Kumbe inawezekana hivi." Ilikuwa miezi kumi tu tangu reli ing'olewe.

Mpira nao ulitupa somo lake. Ijumaa, 2 Julai 2010, Soccer City, Ghana na Uruguay. Tulilipa mbao kila mmoja kuingia kwenye kibanda cha video, mahali ambapo siku nyingine tungekuwa tukimsikiliza DJ Afro akitafsiri mapigano ya Wachina. Luis Suárez akaudaka mpira kwenye mstari wa goli. Penalti, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa ziada. Asamoah Gyan akaugonga mwamba. Nimeona wanaume wakilia mazishini, lakini sijaona wanaume wengi wakilia pamoja kwa ajili ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Ukitaka kujua kama Afrika ni kitu au ni ramani tu, uliza waliokuwa kwenye kibanda kile.

Mkono kwenye swichi

Ijumaa, 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga alisoma uamuzi wa kufuta uchaguzi wa urais, mubashara. Haikuwa imewahi kutokea Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Makanga hapa steji walikuwa wamesimamisha kazi, wamejazana kwenye mlango wa kibanda cha chapati. Kusherehekea hakukudumu. Uchaguzi wa marudio ulifanyika 26 Oktoba, na usiku wa kesho yake Kawangware ikapasuka. Watu waliuawa, vibanda vikachomwa. Safari hiyo tuliiona steji yetu wenyewe kwenye taarifa ya habari. Ni jambo la ajabu kuona ukuta unaouegemea kila siku ukiwa nyuma ya mwanahabari aliyevaa helmeti.

Miezi mitatu baadaye, Jumanne ya 30 Januari 2018, Raila alikwenda Uhuru Park kujiapisha kama rais wa wananchi. Asubuhi ile NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Mahakama Kuu iliagiza zirudishwe 1 Februari. NTV na KTN zilirudi 5 Februari, Citizen ikafuata baadaye wiki hiyo. Lakini kuna kitu kilikuwa kimebadilika tangu 2007. Ndani ya dakika chache watu walikuwa wameipata picha kwenye YouTube na Facebook. Kibera nzima ilikuwa Uhuru Park, na waliobaki walikuwa kumi kumi juu ya simu moja, mwenye simu akilalamika, "Msipumulie kioo bana, bando ni yangu."

Tusijidhanie tuko peke yetu. Januari 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vya bunge mubashara, sababu iliyotolewa ikiwa gharama. Septemba 2017, wabunge wa Uganda walipopigana ukumbini kuhusu kuondoa ukomo wa umri wa rais, tume ya mawasiliano ya huko ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Sababu hubadilika kutoka nchi hadi nchi: usalama, amani, gharama, maadili. Swichi ni ile ile.

Linganisha na 15 Agosti 2022. Fomu za matokeo kutoka vituo vyote 46,229 zilikuwa zinawekwa wazi mtandaoni na tume yenyewe, kila mtu akizijumlisha anavyojua. Bomas, watu walivamia jukwaa, wakasukumana, viti vikaruka, na yote tuliyaona. Wafula Chebukati akatangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Wakati huo huo makamishna wanne walikuwa Serena wakisema hawayatambui matokeo hayo, na hilo pia tuliliona. Jioni ile kulikuwa na moto barabarani Kibera. Lakini mabishano yalirudi ndani ya hoteli, mbele ya kioo, yakasubiri mahakama, na 5 Septemba tukakaa tena kusikiliza. Walioshindwa hawakuridhika. Angalau walikuwa wanakasirikia kitu walichokiona kwa macho yao, na mwenye macho haambiwi tazama.

Kila mtu na kioo chake

Tarehe 25 Juni mnaijua kuliko mimi. Mwaka 2024 wengi wenu hamkuwa mbele ya kioo, mlikuwa ndani yake. Mama zetu ndio walioketi wakitazama Bunge likiingiwa, wakitafuta jaketi au kofia wanayoifahamu kwenye umati, risasi zikisikika. Mwaka mmoja baadaye, siku ya kuwakumbuka waliouawa, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vyote viache kuonyesha maandamano mubashara, na baadhi yao mitambo ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo siku ile ile. Hesabu basi: 2007, 2018, 2025.

Wenzangu wengi wanasema haijalishi tena. Nani anahitaji TV, na kila mtu ana simu? Ni kweli kwamba ni vigumu zaidi kutuzima. Lakini nimeanza kuona hasara nyingine, na hii haihitaji amri ya waziri. Siku ya mechi, hapa kwenye ploti, jirani mwenye king'amuzi hupiga kelele za goli, na mimi ninayetazama kwa simu nasubiri karibu nusu dakika ndipo niione. Hatuko tena kwenye dakika moja. Na kwa siasa ni mbaya zaidi, kwa sababu mimi napewa kipande cha video kinachonikasirisha mimi, na wewe cha kukukasirisha wewe, na hakuna chumba ambamo tutaviweka kando kwa kando. Uvumi wa 2007 ulihitaji giza. Wa leo unatembea mchana, tena una picha.

Ndiyo maana Alhamisi ya 16 Oktoba 2025 ilinishangaza. Raila alikuwa amefariki India siku moja kabla, na mwili wake ulikuwa unarudi. Mtu huyu alikuwa mbunge wa Lang'ata, na Kibera ndani yake, kuanzia 1992 hadi 2013. Watu walitembea kwa miguu hadi uwanja wa ndege. Nilikuwa kwenye hoteli karibu na steji, chai ikipoa. Kulikuwa na waliomwabudu na wasiompenda hata kidogo, na simu zilikuwa mezani zimelala kifudifudi. Tuliangalia gari likisonga pole pole katikati ya matawi. Tuliona Kasarani ikijaa, kisha tukasikia risasi, na mama aliyekuwa akisonga ugali akaacha mwiko ndani ya sufuria. Dada mmoja wa miaka kama ishirini, ambaye 2007 alikuwa mtoto mchanga, akaniuliza, "Buda, hivi ndivyo mlikuwa mkiangalia vitu zamani?"

Nikamwambia ndiyo. Akasogeza kiti, akampa nafasi mtu aliyekuwa amesimama mlangoni.